Intaneti Inapokwenda Polepole Nyumbani na Kampuni ni Moja Tu

Katika miji mingi ya nchi za Maziwa Makuu, tangu Bukavu na Uvira hadi Gitega na Kabale, mwenye nyumba atakaye kuingiza intaneti nyumbani kwake hana mengi ya kuchagua. Mtaa mmoja una waya wa kampuni moja tu. Mtaa wa pili hauna waya kabisa, bali unategemea mnara wa simu uliosimama juu ya kilima ng'ambo ya bonde. Mtaa wa tatu una minara miwili, lakini mawimbi ya mmojawapo hayaingii ndani ya nyumba. Kwa hiyo lile shauri la siku zote, kwamba asiyeridhika na ahamie kampuni nyingine, halimfai mtu wa huku. Yampasa kuishi na ile aliyo nayo, na kuikamua faida yake yote.

Na faida yenyewe si ya mchezo. Siku hizi mtoto wa sekondari hupokea kazi za shule kwa njia hiyo. Mama auzaye vitenge hupokea maagizo na kupeleka picha za mali yake. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari huonana na daktari aliye mji mwingine bila ya kupanda basi, na wazazi huwaona wajukuu waliozaliwa ughaibuni. Mazungumzo hayo yakikatika kila baada ya dakika mbili, kilichokatika si starehe. Ilhali malipo ya mwezi hayakatiki, nayo katika nyumba nyingi yamekwisha kuwa sawa na gharama ya mkaa au ya unga.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Aghalabu intaneti inapozorota mwenye nyumba hufanya mojawapo ya mambo mawili: hunung'unika kisha akanyamaza, au huenda dukani kwa kampuni akanunua kifurushi kikubwa zaidi. Hili la pili ndilo la hasara, kwani mara nyingi kasoro imo ndani ya nyumba yenyewe, na kifurushi kikubwa kitapita katika kasoro ile ile.

Njia ya kupima si ngumu. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, simu zote na televisheni zitengwe na mtandao kwa dakika chache, kisha kasi ipimwe kwa mojawapo ya programu za kupimia zipatikanazo bure. Jambo hilo lifanywe alfajiri, lifanywe adhuhuri, na lifanywe tena saa tatu usiku, kwa muda wa siku tano au sita, na majibu yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe na saa. Baadaye kompyuta hiyo hiyo ipelekwe chumbani bila waya na ipimwe tena. (Mwenye kununua bando la kuhesabiwa aangalie: kila kipimo chaweza kula makumi ya megabaiti.)

Daftari hilo litasema mengi. Ikiwa kwa waya kasi ni nzuri na chumbani ni mbaya, kampuni haina kosa. Kosa ni la nyumba. Ikiwa alfajiri ni nzuri na usiku ni mbaya hata kwa waya, basi njia ya mtaa mzima imejaa watu, na hakuna ruta mpya itakayoiondoa shida hiyo. Ikiwa ni mbaya saa zote, basi waya, au antena, au mkataba wenyewe una jambo.

Katika mkataba, maneno mawili yanastahili kusomwa kwa makini. La kwanza ni megabiti. Wauzaji hutaja megabiti, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Njia ya megabiti 8 kwa sekunde huleta megabaiti 1 tu kwa sekunde, na filamu ya megabaiti 700 huchukua karibu dakika 12 hata mambo yote yakiwa sawa. Watu wengi wamegombana na karani wa kampuni kwa ajili ya biti na baiti peke yake. Neno la pili ni "hadi". Hadi megabiti 10 si megabiti 10. Tena vifurushi vingi viitwavyo visivyo na kikomo vina kikomo cha aina yake: mtumiaji akishapita kiasi fulani katika mwezi, kasi hupunguzwa mpaka mwezi uishe. Nyumba ambayo intaneti yake ni nzuri wiki mbili za kwanza na mbaya wiki mbili za mwisho haina haja ya fundi. Ina haja ya kuusoma mkataba.

NJIA NDEFU KUTOKA BAHARINI

Yafaa ifahamike pia kwamba ziko siku ambazo nyumba haina la kufanya. Nchi zisizopakana na bahari katika sehemu hizi hupata sehemu kubwa ya intaneti yake kwa mikongo ya nyuzi za kioo inayopanda bara kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya mwaka 2009 tegemeo kubwa la Afrika Mashariki lilikuwa setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lilipanda na kushuka, jibu nalo likapanda na kushuka, na karibu nusu sekunde ilipotea angani kabla ya jambo lolote kutendeka. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwezi wa Julai 2009, TEAMS ukaja mwaka huo huo, na EASSy ukafuata mwaka 2010.

Walakini mkongo hukatika. Mwezi wa Februari 2024 mikongo kadhaa, ukiwamo SEACOM, ilikatika katika Bahari ya Shamu. Kisha tarehe 12 Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wakapata taabu kwa pamoja. Meli za kutengeneza mikongo ni chache, nayo kazi ya kuutafuta mkongo chini ya bahari, kuuvua, kuuunga na kuurudisha si ya siku moja. Siku kama hiyo, mtu anayefungua ruta yake kwa bisibisi ataiharibu bure. Na aulize kwanza jirani mwenye kampuni nyingine. Wote wakilia kilio kimoja, angoje.

Siku hizi ziko pia setilaiti zinazopita chini, kiasi cha kilomita 550 tu, ambazo hazina ule ucheleweshaji wa zamani. Rwanda iliruhusu huduma hiyo mwaka 2023 na Burundi mwaka 2024. Kwa nyumba iliyo mbali na mnara na mbali na waya, hilo ni jambo la kufikiriwa, ingawa bei ya chombo chake bado ni nzito kwa mfuko wa mtumishi wa kawaida.

PAHALI PA RUTA

Fundi wa kampuni anapokuja kufunga ruta, huitundika pale waya wake unapoishia, naye huenda zake. Pengine ni nyuma ya mlango wa sebule, pengine ni juu ya kabati la vyombo kando ya jokofu. Watu wa nyumba nao hawaigusi tena, kana kwamba imejengwa pamoja na ukuta. Wapo hata wanaoifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isipate vumbi. Kitambaa hakizuii mawimbi, lakini huzuia joto lisitoke, na ruta iliyopata joto hupungukiwa nguvu au hujizima.

Mawimbi ya waifai hushindwa na vitu vichache vinavyojulikana: ukuta mnene wa saruji yenye nondo, bati, kioo kikubwa cha kujitazamia, na maji. Pipa la maji lililo kati ya ruta na chumba cha kusomea ni kizuizi cha kweli. Kwa hiyo ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu, kwenye rafu iliyo wazi, mbali na jokofu na mbali na tanuri ya maikrowevu, ambayo hufanya kazi karibu na masafa yale yale ya gigahezi 2.4 yatumiwayo na waifai. Ikiwa waya haufiki katikati, waya mrefu zaidi hununuliwa dukani kwa fedha kidogo kuliko kifurushi cha mwezi mmoja.

Ruta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, lakini yamejaa majirani. Yale ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi, lakini huchoka baada ya kuta mbili. Vitu vilivyo karibu na ruta vitumie ya 5, vya mbali vitumie ya 2.4. Na katika hayo ya 2.4, idhaa zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Mtaani ambako kila nyumba imo katika ya 6, kuhamia ya 1 au ya 11 huleta nafuu siku hiyo hiyo. Televisheni na kompyuta ya mezani, ambazo hazitembei, zivutiwe waya. Kila kinachoondolewa hewani huwaachia wengine nafasi. Simu iliyo mbali sana huzungumza na ruta polepole, na wakati inapozungumza wengine hungoja.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa kuwa huongeza mawimbi vitazamwe kwa tahadhari. Vingi hupokea na kurudisha kwa mawimbi yale yale, na hivyo hupunguza kasi karibu nusu. Mawimbi huonekana yamejaa kwenye simu, lakini kurasa hazifunguki upesi zaidi.

Nyumba inayotumia laini ya simu katika ruta ina sheria nyingine. Hapo jambo kuu ni mnara, si katikati ya nyumba. Paa la mabati na vilima vyetu hukata mawimbi kwa namna ambayo hatua tatu tu zaweza kuleta tofauti kubwa. Ruta ipelekwe kila dirisha kwa zamu, na katika ukurasa wake wa mipangilio isomwe ile namba ya nguvu ya mawimbi, ambayo huandikwa kwa alama ya kutoa: -85 ni bora kuliko -110. Penye dhiki, antena ya nje ielekezwe mnarani. Waya wake uwe mfupi, kwani waya mrefu hula chote kilichokamatwa na antena. Ni afadhali ruta ipandishwe karibu na dari kuliko kuteremsha waya wa mita 20. Vile vikuza mawimbi ya simu vinavyouzwa kwa siri visinunuliwe. Vyaweza kuvuruga mnara wa mtaa mzima, na kuvitumia bila kibali ni kosa katika nchi nyingi.

FOLENI ISIYOONEKANA

Liko jambo moja ambalo hata mafundi wengi hawalitaji, nalo ndilo linalowatesa watu wengi kuliko ruta mbovu. Nyumba ina njia ya megabiti 10 za kupokea na megabiti 2 za kupeleka. Kipimo cha alfajiri ni kizuri. Jioni kijana wa nyumba anarudi kutoka harusini na picha 200 katika simu yake, kila moja ya megabaiti 4, na simu yenyewe, bila ya kumwuliza mtu, inaanza kuzipeleka kwenye hifadhi ya mbali. Hizo ni megabaiti 800. Kwa njia ya megabiti 2, kazi hiyo huchukua karibu dakika 53. Katika dakika hizo zote sauti ya daktari inakatika, ukurasa wa shule haufunguki, na mama anaapa kwamba kampuni ni ya wezi.

Kilichotokea ni foleni. Ruta na modemu zina ghala ndogo ya kuwekea vipande vya habari vinavyongoja kupita katika njia nyembamba. Kadiri bei ya kumbukumbu za kompyuta ilivyoshuka, ndivyo waundaji walivyozidi kuipanua ghala hiyo, wakidhani wanatenda wema. Matokeo yake ni kwamba picha zikiijaza, kipande kidogo cha sauti ya mtu anayezungumza hukaa nyuma ya mlima wa picha kikingoja zamu, na safari iliyokuwa ya sehemu ya kumi ya sekunde huwa ya sekunde nzima au mbili. Hata kupokea huzorota, maana kila kinachopokelewa hudai stakabadhi ndogo irudishwe, na stakabadhi hizo nazo zimekwama katika foleni ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mhandisi Mmarekani Jim Gettys aliupigia kelele ugonjwa huu, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kuutibu, ya kupanga foleni kwa kutazama ni muda gani kila kipande kimengoja. Njia hiyo iliendelezwa na wengine, nayo sasa imo katika ruta kadhaa zinazouzwa madukani na katika programu huria ya ruta iitwayo OpenWrt.

Kuitumia kwataka hesabu moja tu. Ruta huambiwa kwamba njia ni nyembamba kidogo kuliko ilivyo, kiasi cha asilimia 85 au 90 ya kipimo: ya 10 huandikwa 9, ya 2 huandikwa 1.8. Kwa kupoteza hiyo sehemu ndogo, foleni huja kukaa ndani ya ruta yenye akili badala ya kukaa katika modemu isiyo na akili, na vipande vidogo vya sauti hupitishwa mbele ya picha. Mwenye laini ya simu, ambaye kasi yake hupanda na kushuka, atumie kipimo cha saa tatu usiku. Anayetaka kuibadili programu ya ruta yake ahakikishe kwanza kwamba aina hiyo hiyo ya ruta imo katika orodha ya OpenWrt, kwani programu isiyo yake huweza kukiua chombo.

Na ikiwa ruta haina mpango huo, na fedha ya nyingine haipo, dawa imo katika simu. Kupeleka picha kwenye hifadhi kuzimwe, au kufanywe usiku wa manane. Programu zisijisasishe mchana. Video zisijicheze zenyewe, na ubora wake ushushwe kwenye vioo vidogo. Mtu anayetazama habari katika simu haoni hasara yoyote. Saa ya daktari au ya mtihani itangazwe nyumbani kama inavyotangazwa saa ya mgeni. Nyumba nyingi zimegundua kwamba utaratibu huu mmoja ulizidi faida ya kifurushi kikubwa.

Yafaa vilevile kutazama orodha ya vyombo vilivyoingia katika ruta. Neno la siri lililopewa mgeni mmoja siku ya sikukuu huenea kama habari ya msiba, na pengine baadhi ya vyombo hivyo si vya nyumba hiyo. Neno libadilishwe. Wale wanaoshauri kubadili anwani za DNS hawakosei, lakini faida yake ni kuufungua ukurasa mapema kidogo tu, haipanui njia.

MAJIRANI

Daftari lililotajwa hapo juu lina kazi ya pili. Malalamiko ya mtu mmoja kwamba intaneti ni mbaya hutupwa. Lakini barua ya nyumba 12 za mtaa mmoja, yenye vipimo vya saa na tarehe, humlazimu meneja kuijibu, na asipoijibu ina pahali pengine pa kwenda. Uganda ina Tume ya Mawasiliano, Rwanda ina RURA, Burundi ina ARCT, nayo Kongo ina ARPTC.

Kuna watu waliokwenda mbali zaidi. Kaskazini mwa Uingereza, katika mashamba ya Lancashire ambako kampuni kubwa hazikuona faida, wenyeji walianzisha B4RN mwaka 2011. Walitoa njia katika mashamba yao, wakachimba mitaro kwa mikono yao na kulaza nyuzi za kioo hadi kila nyumba, wakapata megabiti 1,000 kwa sekunde. Karibu na kwetu, huko Gulu, mradi wa BOSCO ulianza mwaka 2007 kuunganisha kwa redio na umeme wa jua kambi za watu waliokimbia vita. Na katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, wenyeji walipata mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net. Hata hivyo, jirani asikurupuke kuwauzia wengine laini yake. Mikataba mingi inakataza, na kuuza huduma kwataka kibali. Kinachowezekana kwa wepesi ni nyumba kadhaa kwenda pamoja kwa kampuni na kuomba waya uletwe mtaani, kwani kampuni huhesabu wateja kabla ya kuhesabu mita.

Limebaki jambo la antena za juu ya paa. Sehemu za Kivu na Tanganyika ni miongoni mwa zile zinazopigwa sana na radi duniani. Mlingoti wa chuma uungwe na waya mnene hadi kwenye nondo iliyozamishwa ardhini, nayo kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme, si na yule aliyekuja kufunga antena. Ngurumo zinapoanza kusikika ng'ambo ya ziwa, ruta ichomolewe umeme, na waya wa antena uchomolewe pia. Wengi hukumbuka wa kwanza na kusahau wa pili, na huo wa pili ndio unaoshuka kutoka juu ya paa.